Somo la Malezi: Chupi ya Kitambaa ya Kulalia

Hapa kwetu Pangani, Kibaha, mtoto wa miaka miwili au mitatu huacha nepi mchana, lakini usiku bado anakojoa. Si ukaidi. Mwili hujifunza kuzuia mkojo usiku baadaye kuliko mchana, na wapo wengi wanaokojoa kitandani hata wakifika miaka 5. Basi tusimchape, tumtafutie chupi inayofaa.

Tuchague pamba. Tudondoshee kitambaa maji: yakinywewa upesi kinafaa, yakitiririka juu tukiache. Khanga kuukuu ya pamba hunyonya kuliko mpya, maana imefuliwa mara nyingi. Katikati tushone tabaka 4 hadi 6. Lastiki isiache alama pajani, na mtoto aweze kuivua mwenyewe. Chupi ya plastiki huokoa godoro, lakini kwa joto hili la Pwani huleta vipele. Afadhali mpira wa kutandika chini ya shuka.

Kiangazi 3 zinatosha. Masika, Machi hadi Mei, hazikauki upesi, tuwe nazo 6. Zilizoanikwa nje tuzipige pasi pande zote: yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia ngozini mwa mtoto.