Kioo cha Damu Kilichonifunza Ukweli

Wengi wetu tunapopimwa damu hungoja nje kwenye benchi tukinung'unika kwamba watu wa maabara wanatuchelewesha. Nami nilikuwa miongoni mwa wanung'unikaji hao hadi mwaka wangu wa tatu chuoni, nilipopelekwa kufanya mafunzo ya miezi mitatu katika maabara moja ya utafiti wa malaria karibu na Ziwa Victoria.

Nilidhani kazi ni kuchungulia tu. Kumbe sivyo. Kwanza damu huwekwa kwenye kioo kwa namna mbili. Tone zito hutumiwa kutafuta kama vimelea vya malaria vimo, na tone lililotandazwa likawa jembamba huonyesha ni vya aina gani. Kisha kioo hutiwa rangi ya Giemsa, iliyopewa jina la Mjerumani Gustav Giemsa aliyeieleza mnamo 1904. Rangi ya asilimia 3 huhitaji dakika 30 hadi 45. Ndipo kiini cha kimelea huonekana chekundu na mwili wake samawati.

Hadubini huonyesha sehemu ndogo tu ya damu kwa wakati mmoja. Kwa hivyo, kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea, sharti mpimaji achunguze angalau sehemu 100 za tone zito.

Jioni moja vioo vilikuwa vingi, macho yalikuwa yamechoka na matatu ya mwisho ya kwenda mjini ilikaribia kuondoka. Kioo kimoja nilikichunguza sehemu kama 60, nikaandika "hakuna". Kwenye nafasi ya idadi ya sehemu, nikajaza 100.

Katika utafiti, kioo hicho hicho husomwa na mtu wa pili asiyejua jibu la kwanza. Kesho yake msomaji wa pili aliona vimelea vichache. Wa tatu, aliyeitwa kuamua, akakubaliana naye. Kioo kilikuwa na nambari tu, bila jina, lakini msimamizi wangu alinieleza kwamba damu ile ilikuwa ya mtoto wa miaka miwili.

"Ulihesabu sehemu ngapi?" akaniuliza.

"Kama 60, mama."

"Na hapa umeandika ngapi?"

Sikuwa na la kusema. Nilipotaka kufuta, alinizuia. "Usifute, kijana. Kata kwa mstari mmoja ili la kwanza lisomeke, uandike la kweli, kisha utie sahihi na tarehe. Kosa la macho yako wenzako watalisahihisha. Lakini ukiandika uongo, nani atajua?"

Mtoto yule alipewa dawa asubuhi hiyo, na vioo vyangu vyote vya jioni ile vikasomwa upya. Tangu siku hiyo naandika nilichokiona, hata kikiniaibisha.

Je, haya yakuhusu nini, msomaji? Katika zahanati ya kawaida, mara nyingi kioo husomwa na mtu mmoja mwenye foleni ndefu. Usimharakishe. Ukiambiwa hakuna malaria na homa ikaendelea, rudi upimwe tena badala ya kukimbilia dawa dukani. Tangu 2010, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Homa huweza pia kuletwa na nimonia, homa ya matumbo na maradhi mengine ambayo dawa ya malaria haiyatibu.

Lakini mtoto mwenye homa akishikwa na degedege, akishindwa kunywa au kunyonya, au akitapika kila kitu, mpeleke hospitalini mara moja, hata kama jibu la jana lilisema "hakuna".