Somo: Mashahidi wa Mombasa na Mwandishi wa Habari Zao

Tukisafiri kutoka Kigombe kwenda Tanga twapita Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Miaka ya 1950 alikuwako Tanganyika Mwingereza aliyeyapenda sana mambo ya kale ya pwani: misikiti, sarafu, habari za Kilwa. Jina lake G. S. P. Freeman-Grenville, naye alitumika katika kazi ya elimu. Mwaka 1963 alitoa kitabu cha majedwali ya kulinganisha miaka ya Hijra na ya Kikristo. Kazi ya kuchosha hiyo! Ila ilimzoeza kuyatazama mambo kwa pande mbili.

Jambo lililo zito zaidi kwetu alilitoa mwaka 1980, nalo ni la Mombasa.

Yusuf bin Hassan alikuwa mwana wa Sultani wa mji huo. Mwaka 1614 baba yake aliuawa Rabai kwa hila ya Wareno, kichwa chake kikapelekwa Goa. Mtoto naye akapelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, kisha akarudishwa kuwa mfalme. Agosti 1631, yaani mwaka 1041 wa Hijra, aliingia Ngome ya Yesu, akamwua kapteni, akaurudia Uislamu. Wakristo wakatakiwa wasilimu au wafe. Wengi wakafa, Wareno na Waafrika, wanaume kwa wanawake.

Kanisa lilifanya uchunguzi huko Goa, na maneno ya walioulizwa ndiyo aliyoyachapisha mwanahistoria wetu. Yafaa tuyasome polepole, kwa kuwa waliouliza walitaka marehemu watangazwe watakatifu, na Yusuf hakuwapo kujibu. Hata hivyo imani ya wale waliokufa haipungui hata kidogo tukiitaja na damu ya Hassan. Sisi tunaokaa mlango kwa mlango na Waislamu, tunaozikana na kualikana harusini, tusiwasimulie watoto nusu ya habari.

Kiswahili chetu kina neno moja, shahidi, kwa aliyeona na kwa aliyeifia imani. Jirani zetu nao hulitumia vivyo hivyo. Kwa mazungumzo ya vikundi, someni Matendo 7:58, kisha 22:20, mwangalie ni nani anayeitwa shahidi katika kila mstari.