Upangaji wa Maeneo Kitaifa Nchini Kenya: Je, Mwananchi Anapangiwa kwa Lugha Gani?

IKISIRI

Makala haya yanachunguza upangaji wa maeneo katika kiwango cha kitaifa nchini Kenya kwa kuzingatia historia yake, msingi wake wa kikatiba na lugha inayotumiwa kuuendesha. Hoja kuu ni kwamba Katiba ya mwaka 2010 imempa mwananchi haki ya kushiriki katika mipango inayomhusu, lakini haki hiyo haiwezi kutimia ikiwa istilahi za mipango hazijatulia katika lugha anayoielewa. Makala yanapendekeza istilahi chache na kueleza wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili katika suala hili.

1.0 UTANGULIZI

Tangu mwaka 1969, Mwalimu Julius Nyerere alipowasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Tanzania, usemi kwamba kupanga ni kuchagua umekuwa maarufu katika Afrika Mashariki. Usemi huu ni mfupi ila una uzito. Anayechagua barabara ipite hapa amechagua isipite pale. Anayetenga eneo kwa ajili ya bandari amemwondoa mvuvi aliyekuwa akitega nyavu zake hapo. Kwa hivyo, upangaji wa maeneo si kazi ya wachora ramani peke yao. Ni uamuzi kuhusu nani atapata nini, wapi, na kwa hasara ya nani.

Huenda msomaji akauliza: suala hili linamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili? Jibu ni kwamba uamuzi huo hufanywa kwa maneno, na maneno ndiyo taaluma yetu.

2.0 DHANA YA UPANGAJI WA MAENEO

Upangaji wa maeneo ni utaratibu wa kuamua matumizi ya ardhi, maji na rasilimali nyingine, pamoja na mahali pa kuweka makazi, miji, viwanda, mashamba, malisho, hifadhi na njia za usafiri. Utaratibu huu una ngazi. Katika ngazi ya chini kuna mpango wa mtaa au mji. Juu yake kuna mpango wa kaunti, kisha mpango unaojumuisha kaunti kadhaa zinazochangia, mathalani, bonde moja la mto. Kileleni kuna mpango wa kitaifa, ambao hauonyeshi kiwanja cha mtu mmoja mmoja bali unatoa mwelekeo wa nchi nzima.

Umuhimu wa mwelekeo huo unadhihirika tukiitazama Kenya yenyewe. Nchi hii ina eneo la takriban kilomita za mraba 580,000, na zaidi ya asilimia 80 ya ardhi yake ni kame au nusu kame. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa idadi ya watu imefika milioni 47.6, na wengi wao wamesongamana katika nyanda za juu, pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria. Ardhi yenye rutuba ni chache, na miji inazidi kuimeza. Pasipo mpango, shamba la chai au la kahawa linaweza kugeuka vibanda na nyumba za kukodisha katika kipindi cha kizazi kimoja.

3.0 HISTORIA FUPI

Ramani ya maendeleo ya Kenya ilichorwa kwanza na reli iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli hiyo. Walowezi walitengewa ardhi bora katika nyanda za juu, huku Waafrika wakisukumwa katika hifadhi zilizotengwa kwa misingi ya kikabila. Kaskazini ya nchi ilitazamwa kama mpaka wa kulindwa wala si mahali pa kuendelezwa.

Baada ya uhuru, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulishikilia kwamba fedha za maendeleo zielekezwe katika sehemu zitakazozalisha zaidi, yaani zenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha na miundombinu. Kiuchumi, hoja hiyo ilikuwa na mantiki yake, kwa kuwa ilitarajiwa faida ya sehemu hizo isambazwe baadaye kwingineko. Hata hivyo, sehemu zilizokuwa na reli, barabara na shule ndizo zilizozidi kupata, na zile zilizoachwa na mkoloni zikaendelea kuachwa. Aliye nacho akaongezewa.

Zilikuwapo juhudi za kurekebisha hali. Mpango wa Maendeleo wa 1970 hadi 1974 ulianzisha vituo vya ukuaji vya ngazi nne ili huduma zifike mashambani. Mamlaka za ustawi wa mabonde ya mito ziliundwa, zikiwemo ya Mto Tana mwaka 1974, na za Bonde la Kerio na la Ziwa Viktoria mwaka 1979. Mwaka 1983, sera ya maendeleo ya wilaya ilihamishia sehemu ya upangaji kwenye kamati za wilaya. Pamoja na hayo, kamati hizo zilitawaliwa na maafisa wa serikali, na mwananchi alibaki kuwa msikilizaji barazani.

4.0 KATIBA YA MWAKA 2010 NA MPANGO WA KITAIFA

Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha mambo kwa njia tatu. Kwanza, iligawa kazi. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kitaifa jukumu la kuweka kanuni za jumla za upangaji wa ardhi na kuratibu upangaji wa kaunti, huku kaunti 47 zikipewa upangaji na maendeleo ya kaunti. Pili, ilishughulikia dhuluma ya kihistoria. Kifungu cha 203 kinazihakikishia kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na Kifungu cha 204 kinaunda Hazina ya Usawazishaji inayotengewa nusu asilimia ya mapato ili kupeleka maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizotengwa. Tatu, Kifungu cha 10 kinautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa.

Ni katika mazingira hayo ndipo Mpango wa Kitaifa wa Maeneo ulipotungwa kwa kipindi cha miaka 30, kuanzia 2015 hadi 2045. Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 nayo ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1996.

Katiba hiyohiyo, katika Kifungu cha 7, inatamka kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Ilhali nyaraka za mipango aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, ambacho hata msomi wa taaluma nyingine hukielewa kwa taabu.

5.0 TATIZO LA ISTILAHI

Tuchukue mifano michache. Baadhi ya wafasiri huitafsiri dhana ya msingi ya taaluma hii kwa neno *anga*. Mzee wa kijiji akisikia "mpango wa anga" atadhani serikali inazungumzia ndege au mvua, kumbe inayopangwa ni ardhi aliyoikalia. Wengine hutumia *nafasi*, neno ambalo kwa wengi humaanisha fursa au kazi iliyo wazi. Makala haya yanapendekeza *upangaji wa maeneo*, kwa sababu neno *eneo* limezoeleka na halina utata mkubwa.

Neno *mpangaji* nalo lina tatizo. Katika matumizi ya kila siku, mpangaji ni mtu aliyekodisha nyumba. Tukisema "wapangaji watakuja kesho kuwaona," wenyeji watatayarisha vyumba. Heri kusema *mtaalamu wa mipango*.

Kwa kiwango kilicho kati ya taifa na kaunti, tuna maneno *mkoa*, *jimbo* na *kanda*. Mkoa hukumbusha utawala wa mikoa minane iliyokuwapo hadi utaratibu wa kaunti ulipoanza. Jimbo lina kovu la mjadala wa majimbo wa mwaka 1963. *Kanda* halina mzigo huo, hivyo *upangaji wa kanda* unafaa zaidi. Njia za wanyamapori ziitwe *shoroba*, jinsi zinavyoitwa Tanzania, na njia kuu za uchumi ziitwe *kanda za uchukuzi*.

Tuna pia utajiri katika sarufi yetu wenyewe. Ngeli ya mahali hutofautisha mahali mahususi, mahali pasipo dhahiri na mahali pa ndani: *hapa pana kisima, kule kuna malisho, humu mna samaki*. Mtaalamu aliye Nairobi huitazama ramani na kusema *kule*. Mwenyeji huitazama ardhi ileile na kusema *hapa* au *humu*. Mpango mwema ni ule unaomwezesha mtaalamu kusikia *hapa* ya mwenyeji kabla ya kuchora mstari.

6.0 MFANO WA LAMU

Mradi wa bandari ya Lamu na ukanda wa uchukuzi unaoelekea Sudan Kusini na Ethiopia ulizinduliwa mwezi Machi mwaka 2012. Ni mfano bora wa upangaji wa kitaifa unaonuia kuifungua kaskazini iliyosahauliwa, na nia hiyo haina budi kusifiwa. Lakini uchimbaji wa bahari uliathiri mikoko, matumbawe na sehemu za uvuvi. Wenyeji walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao, ikiwemo haki ya kupata habari na ya utamaduni, zilikiukwa na kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Iliamuru fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Gati la kwanza lilianza kutumika mwezi Mei mwaka 2021.

Hatudai kwamba lugha pekee ndiyo iliyoleta mgogoro huo. Tunachodai ni kwamba Lamu ni mojawapo ya vitovu vya Kiswahili. Ikiwa habari za mpango hazikuwafikia ipasavyo watu ambao lugha yao ndiyo lugha ya taifa, basi hali ya Mturkana, Mborana au Mrendile, ambaye kwake Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili, inahitaji kufikiriwa kwa makini zaidi. Kwao, Kiswahili kiwe daraja linaloungana na lugha za kienyeji, ambazo Katiba pia inaagiza ziendelezwe.

7.0 HITIMISHO

Tumeonyesha kwamba upangaji wa maeneo nchini Kenya umetoka katika ramani ya reli, ukapitia sera iliyowapendelea waliobahatika, na sasa unadaiwa na Katiba umsikilize mwananchi. Kumsikiliza kunahitaji lugha. Wanafunzi wa Kiswahili tunaweza kuanza na hatua ndogo: kuchukua muhtasari wa mpango wa kaunti zetu, kuutafsiri, kuusoma mbele ya wazee na vijana wa nyumbani, na kuandika maneno wanayoyatumia wao kutaja kisima, malisho na mpaka. Istilahi zitakazodumu zitatoka huko, wala si katika kamusi peke yake. Mgala muue na haki yake mpe. Na haki ya kwanza ya anayepangiwa ni kuelewa anachopangiwa.

MASWALI YA MJADALA

1. Jadili ubora na udhaifu wa istilahi *upangaji wa maeneo* ukiilinganisha na *mpango wa matumizi ya ardhi* inayotumika Tanzania.
2. Kwa kutumia ngeli ya mahali, eleza namna msimulizi wa ramani anavyoweza kujiweka karibu au mbali na wakazi.
3. Je, tafsiri ya mpango inatosha kumshirikisha mwananchi? Toa sababu.