Nani Anayeliendesha Gari? Kauli za Vitenzi katika Mjadala wa Mashabiki wa Mbio za Magari

1.0 Utangulizi

Mnyambuliko wa vitenzi ni mada ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya huipitia tangu shule ya msingi. Hupewa jedwali, hujaza kauli, husahihishwa, kisha huendelea na mada nyingine. Mara chache huulizwa swali la msingi zaidi: mzungumzaji anapochagua kauli moja na kuiacha nyingine, huwa anachagua nini hasa? Makala haya yanalishughulikia swali hilo kwa kutumia uwanja usiozoeleka katika majarida ya lugha, yaani mazungumzo ya mashabiki wa mbio za magari, hususan ubishi unaozuka pale madereva wanapopokonywa vyombo vya kielektroniki vilivyokuwa vikiwasaidia.

Mifano imewekwa katika mazingira ya Nyakoe, soko lililo kando ya barabara itokayo mjini Kisii kuelekea Kisumu. Huko lugha ya nyumbani ni Ekegusii, nayo ni lugha ya Kibantu inayonyambua vitenzi vyake kwa viambishi tamati kama Kiswahili. Sentensi na mazungumzo yanayotolewa yametungwa kwa ajili ya uchambuzi. Hoja kuu ya makala ni kwamba kauli ya kitenzi ni mizani ambayo kwayo jamii hupima sifa na lawama.

2.0 Usuli wa Mjadala

Mbio za Formula 1, ambazo wasomaji wa magazeti ya Kiswahili nchini Kenya wamezoea kuzisoma kwa jina la Langalanga, zimekuwa na historia ndefu ya kuruhusu na kukataza vyombo vya kumsaidia dereva. Kwa msimu wa 1994, vyombo vingi vya aina hiyo vilipigwa marufuku. Mwaka wa 2001 kizuia utelezi kiliruhusiwa tena, na mwaka wa 2008 kikakatazwa kwa mara nyingine.

Ni muhimu kueleza chombo hiki kilivyofanya kazi. Dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu akitoka kwenye kona, magurudumu yanayosukuma gari huweza kusota, yaani kuzunguka kwa kasi kuliko mwendo wa gari lenyewe. Gari huteleza na muda hupotea. Vihisi vilivyofungwa katika magurudumu viliipelekea kompyuta habari za msoto huo, nayo ikapunguza nguvu za injini kabla dereva hajatambua kilichotokea. Ili kuhakikisha kwamba hakuna timu inayokificha kizuia utelezi ndani ya mitambo yake, kuanzia mwaka wa 2008 timu zote zilitakiwa kutumia kompyuta ya injini ya aina moja.

Jaribio la kwanza la kanuni hiyo lilikuwa mjini Melbourne, Australia, mwezi wa Machi 2008. Lewis Hamilton wa timu ya McLaren alipata nafasi ya kwanza ya kuanzia, akifuatwa na Robert Kubica. Kimi Räikkönen, aliyekuwa bingwa wa mwaka wa 2007, alishindwa kushiriki katika awamu ya pili ya mchujo kutokana na hitilafu ya gari. Siku iliyofuata Hamilton alishinda, na kati ya magari 22 yaliyoanza ni 7 tu yaliyovuka mstari wa mwisho. Matokeo hayo yaliwapa mashabiki kote duniani mada ya kubishania: je, dereva ameanza kuonekana, au mashine imeanza kuharibika?

Mwanafunzi atahadhari hapa. Hitilafu iliyomzuia Räikkönen haikuletwa na marufuku, na baadhi ya magari yaliyotoka yalitoka kwa kugongana. Kutokea kwa mambo mawili kwa wakati mmoja si ushahidi kwamba moja ni chanzo cha lingine.

3.0 Kufuzu, Kuchujwa au Kupangwa?

Kabla ya kuziingia kauli, istilahi moja inahitaji kusawazishwa. Watangazaji wengi huiita siku ya kutafuta nafasi za kuanzia 'siku ya kufuzu'. Kufuzu ni kufaulu, na kinyume chake ni kushindwa. Mtahiniwa asiyefuzu haendelei. Timu isiyofuzu kwa Kombe la Dunia hubaki nyumbani. Mjini Melbourne, hata hivyo, dereva aliyechujwa mwanzoni alishiriki mbio kesho yake. Alichokosa ni nafasi nzuri ya kuanzia, si haki ya kushindana.

Utaratibu wa mwaka wa 2008 ulikuwa na awamu 3. Katika awamu ya kwanza magari 22 yalipunguzwa hadi 16. Katika ya pili yakabaki 10. Katika ya tatu hayo 10 yakashindania nafasi za mbele. Ni wazi kwamba awamu 2 za mwanzo ni mchujo, ilhali zoezi zima ni la kupanga nafasi. Kwa hiyo 'mbio za kupanga nafasi' ni istilahi inayoeleza jambo kwa usahihi kuliko 'kufuzu'. Tofauti hii si ya kimzaha. Shabiki anayesikia kwamba dereva 'hakufuzu' huamini kwamba habari zake zimekwisha, kumbe bado yumo mashindanoni.

4.0 Kitenzi 'enda' na Matawi Yake

Tuchukulie kwamba mashabiki wawili wa Nyakoe wanabishana: mwalimu mstaafu na mpwa wake anayeendesha bodaboda.

Mpwa: Mjomba, miaka ile yote madereva walikuwa wanaendeshewa tu. Sasa ndipo tutakapojua nani dereva.
Mjomba: Ngoja kwanza, mpwa wangu. Gari la jana halikujiendesha. Kompyuta ilizuia gurudumu lisisote, haikukata kona.
Mpwa: Lakini mtu alikanyaga mafuta ovyo, kompyuta ikamrekebishia.
Mjomba: Kumrekebishia si kumwendeshea.

Ubishi wote umebebwa na viambishi. Mzizi ni '-end-'. Ukiongezwa kiambishi cha usababishi '-esh-', tunapata 'endesha', yaani kufanya kitu kiende. Kiswahili kimeliweka jambo hili wazi tangu mwanzo: kinachoenda ni gari, na dereva ni yule anayelifanya liende. Kitenzi chenyewe kinawatambua wahusika wawili. Tuzilinganishe sentensi hizi:

(a) Dereva aliliendesha gari vizuri.
(b) Gari liliendeshwa vizuri.
(c) Gari lilienda vizuri.
(d) Gari lilijiendesha.
(e) Kompyuta ilimwendeshea dereva gari.
(f) Dereva aliendeshewa gari.
(g) Gari hili haliendesheki.

Sentensi (a) inampa dereva sifa zote. Katika (b), kiambishi '-w-' kinaliweka gari mbele na kumwacha mtenda nje ya sentensi. Tunajua kwamba yupo, ila hatumwoni. Sentensi (c) inamwondoa kabisa, kwani usababishi umetoweka. Sentensi (d) inatumia kirejeshi '-ji-' na kulifanya gari kuwa mtenda na mtendwa kwa pamoja.

Sentensi (e) na (f) ndizo zenye uzito katika mjadala wetu. Kauli ya kutendea humleta mhusika wa tatu, yaani yule anayefanyiwa jambo. Katika (f), umbo 'endeshewa' limejengwa kwa '-end-', '-esh-', '-e-' na '-w-'. Viambishi hivyo vinamhamisha dereva kutoka nafasi ya mtenda hadi nafasi ya mtendewa. Amekuwa kama bosi aketiye kiti cha nyuma huku mwingine akishika usukani. Mpwa anaposema kwamba madereva 'walikuwa wanaendeshewa', anawavua udereva kwa herufi chache tu. Mjomba naye anaipinga hukumu hiyo kwa kubadilisha kitenzi wala si kauli. Anakubali kwamba dereva alifanyiwa jambo, lakini anasisitiza kwamba alirekebishiwa, hakuendeshewa. Kurekebishiwa ni kusaidiwa katika sehemu. Kuendeshewa ni kuondolewa kazi yote.

Sentensi (g) nayo ina funzo lake. Kauli ya kutendeka hueleza uwezekano. Anayesema kwamba gari haliendesheki analalamikia chombo, si mtu. Baadhi ya madereva walieleza hofu kwamba bila kizuia utelezi magari yangekuwa ya hatari wakati wa mvua. Magari hayo yaliendesheka, ila yalimdai dereva uangalifu zaidi wa mguu. Mwendeshaji yeyote aliyepanda vilima vya Gusii msimu wa mvua, njia ikiwa tope jekundu, anafahamu tofauti kati ya njia isiyopitika na njia inayohitaji ujuzi.

5.0 Kusaidiana, Kuonea na Kuonewa

Huenda msomaji akapinga kwamba hakuna dereva asiyesaidiwa. Pingamizi hili lina nguvu, na mashindano ya Safari Rally ya Kenya yanatusaidia kulipima. Mashindano haya yalianzishwa mwaka wa 1953, wakati wa sherehe za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh aliyashinda mwaka wa 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta akayashinda mara 5, mwaka wa 1973 kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Hakuna kati yao aliyekuwa peke yake garini. Mwaka wa 1965 Joginder aliandamana na ndugu yake, Jaswant Singh. Mwelekezi humsomea dereva njia, naye dereva humwaminia mwelekezi maisha yake. Kauli inayofaa hapa ni ya kutendana: wanasaidiana. Kiambishi '-an-' kinadai kwamba kila upande utoe na upokee. Kompyuta haiwezi kusaidiana na dereva kwa maana hiyo, kwani haihatarishi chochote wala haipandi jukwaani kupokea kikombe.

Katika miongo ya mwisho kabla ya Safari Rally kuondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka wa 2002, timu kubwa zilitumia helikopta. Wakati huo barabara hazikufungwa, hivyo waliokuwa angani waliwaonya madereva kuhusu magari, mifugo na watu waliokuwa mbele. Ukisema kwamba helikopta 'ilimwonea njia' dereva, umetumia kauli ya kutendea kwa usahihi. Lakini 'kuonea' ni kudhulumu pia. Dereva binafsi asiyekuwa na fedha za kukodi helikopta alikuwa 'ameonewa' kwa maana hii ya pili: mwenzake alikuwa na macho mengine angani, yeye alikuwa na yake mawili tu. Umbo moja limebeba msaada wa mmoja na malalamiko ya mwingine.

Mashindano yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, katika eneo la Naivasha, sehemu za kushindania zilikuwa zimefungwa kwa magari mengine. Mwaka wa 2022 magari ya daraja la juu nayo yalipokonywa baadhi ya mitambo ya kielektroniki iliyogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na dereva akarudishiwa gia za kubadilishwa kwa mkono. Swali la Melbourne likawa limefika Bonde la Ufa.

6.0 Kutoka Mashindanoni hadi Barabarani

Thamani ya uchambuzi huu haiishii kwenye michezo. Taarifa za ajali nchini husema mara nyingi kwamba 'gari lilipoteza mwelekeo', 'breki zilikataa' au 'gari lilibingiria'. Katika sentensi hizi zote gari ndilo mtenda, na dereva hayumo. Pengine breki zilikataa kweli. Pengine mwenye gari alikataa kuzitengeneza. Pengine dereva alilala, au alilazimishwa kuendesha usiku kucha. Sarufi ya taarifa imeufunga uchunguzi kabla haujaanza.

Kwa wakazi wa soko lililo kando ya barabara kuu, jambo hili ni la uhai. Mama anayeuza ndizi ukingoni mwa lami anastahili kujua kama gari lililomjia lilijiendesha, liliendeshwa, au lilikuwa haliendesheki tangu lilipotoka gereji. Kauli ya kwanza haina mtu wa kuulizwa. Ya pili inamtafuta dereva. Ya tatu inamtafuta mwenye gari na aliyelikagua. Shabiki anayeweza kubishana kwa makini kuhusu nani aliyestahili nafasi ya kwanza ana nyenzo zote za kiisimu za kuuliza nani anayestahili kuwajibika.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba mashabiki wanaobishana kuhusu vyombo vya kumsaidia dereva wanabishana, kwa hakika, kuhusu nafasi ya mtenda, na kwamba Kiswahili kina viambishi vya kuubeba ubishi huo bila kuazima. Walimu wanahimizwa kulifundisha jedwali la mnyambuliko pamoja na swali hili: katika kila kauli, nani amepewa sifa, nani amelaumiwa, na nani ameachwa nje?

Maswali ya kujadiliwa

1. Eleza tofauti ya maana kati ya 'dereva alirekebishiwa' na 'dereva aliendeshewa'.
2. Tafuta taarifa moja ya ajali katika gazeti la Kiswahili. Bainisha kauli za vitenzi vyake, kisha uiandike upya kwa namna ambayo kila mtenda anayejulikana anatajwa.
3. Toa vitenzi vingine viwili ambavyo, kama 'ona', hupata maana mpya vinapotiwa katika kauli ya kutendea.
4. "Kauli ya kutendwa si ya uongo, ila huweza kutumiwa kuficha." Jadili.