Mbio Zisizouliza Nani wa Kwanza

Safari hii twajifunza juu ya mbio zilizoanza London mwaka 1994, katika bustani ya Battersea, kando ya mto Thames. Zaitwa Race for Life, yaani Mbio kwa Ajili ya Uhai. Umbali wake kwa kawaida ni kilomita 5, nazo zilikuwa za wanawake tu hadi mwaka 2019, wanaume walipokaribishwa.

Mkimbiaji huwaendea jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake, wakaahidi chochote. Fedha hiyo hutumika katika utafiti wa kansa. Hakuna amwulizaye alifika wa ngapi. Anayekimbia na anayejikokota, mchango wao ni uleule.

Lakini yaliyotugusa zaidi ni makaratasi wanayobandika mgongoni. Humo huandika jina la wanayekimbia kwa ajili yake: mama, dada, rafiki aliyefariki au aliye bado hospitali. Basi aliye nyuma (nasi wazee tungekuwa huko) ndiye ayasomaye majina mengi zaidi. Wako waandikao "mimi" tu, kwa kuwa wagonjwa ni wao.

Tukikutana kwa mazungumzo, tuanzie hapo: mgongoni mwetu tungeandika jina la nani?