AJALI INA KINGA: SOMO LA BARABARA ILIYO MBELE YA LANGO LETU

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Methali hii tumefunzwa tangu shule ya msingi. Muhula wa kwanza mwaka huu, mwenzetu wa Kidato cha Kwanza alipogongwa na gari akivuka kutoka stegini, ndiyo maneno tuliyoyasikia kila upande. Mzee mmoja auzaye ndizi pale nje alitikisa kichwa akasema, "Ajali haina kinga, wajukuu wangu." Kijana yule alinusurika, lakini mguu ulivunjika mahali pawili na akakosa masomo ya muhula mzima. Nasi tukaendelea kuvuka palepale.

Hapo ndipo wanachama wa Chama cha Kiswahili tulipoulizana: je, methali hii ni ya kweli wakati wote? Makala haya ni jibu letu. Hebu tuandamane.

1. Neno lenyewe

Neno "ajali" lina asili ya Kiarabu. Katika lugha hiyo, maana yake ni muda uliowekwa, yaani siku ya mtu kufa ambayo imekwisha kuandikwa. Kiswahili kililichukua neno pamoja na maana hiyo, kisha kikaongeza ya pili: tukio la ghafla lenye madhara. Basi mtu akisema "ni ajali", maana zote mbili huja pamoja. Husikika kana kwamba gari na mtoto walipangiwa kukutana, na hapana wa kuulizwa.

Sipingi imani ya mtu. Siku ya kufa aijuaye ni Mungu. Lakini tazama hesabu. Katika kila mwaka kati ya 2021 na 2024, zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya, na waendao kwa miguu ndio waliokuwa wengi kuliko kundi jingine lolote. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani duniani kila mwaka. Tena hicho ndicho chanzo cha kwanza cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Sisi tusomao jarida hili tumo humo. Jambo linalorudi kila mwaka, mahali pale pale, kwa sababu zile zile, si la ghafla. Lina chanzo, na chenye chanzo huweza kuzuiwa.

2. Hesabu ya kasi

Sheria ya trafiki iliyorekebishwa mwaka 2017, ile iliyoamuru mabasi ya shule yapakwe rangi ya manjano, iliweka pia kasi isiyozidi kilomita 30 kwa saa karibu na shule. Je, kasi hiyo ni ipi? Mwanariadha akikimbia mita 100 kwa sekunde 12, anakwenda kilomita 30 kwa saa kamili. Kumbe sheria inamwambia dereva hivi: mbele ya shule, usimshinde mkimbiaji wao hodari!

Sasa chukua dereva mwenye breki nzuri, juu ya lami kavu, anayehitaji sekunde moja kushtuka na kukanyaga breki. Akimwona mtoto mbele yake, atasimama baada ya umbali huu:

Akienda kilomita 30 kwa saa: mita 13 hivi.
Akienda kilomita 50 kwa saa: mita 28 hivi.
Akienda kilomita 80 kwa saa: mita 57 hivi.

Mtoto akiwa mita 20 mbele, dereva wa kwanza atasimama na kumkemea tu. Wa pili na wa tatu watamgonga. Aidha, walimu wa fizikia hutufunza kuwa kasi ikiongezeka mara mbili, nishati ya gari huongezeka mara nne. Ndiyo maana tofauti kati ya 30 na 60 si tofauti ya kuchubuka na kuvunjika. Mara nyingi ni tofauti ya uhai na mauti.

Jumamosi moja tuliazima saa ya michezo, tukapima mita 100 kando ya ua, tukayahesabu magari 40 tukiwa ndani ya ua. Hakuna hata moja lililotumia sekunde 12. Mengi yalipita kwa sekunde 5 au 6. Dereva mmoja tulimtambua: ni mzazi wa mwenzetu, tena mtu mpole sana.

3. Barabara nayo husema

Mbona mtu mpole apite mbele ya shule kama mshale? Hili ndilo fundisho kubwa la somo letu. Kibao kinamwambia "punguza mwendo", lakini barabara yenyewe, pana, iliyonyooka, isiyo na kitu cha kumzuia, inamwambia "kanyaga mafuta". Dereva husikiliza barabara kuliko kibao.

Basi lazima barabara ifunzwe kusema lugha nyingine. Tuta humlazimisha hata mkaidi kupunguza mwendo. Kivuko cha pundamilia kikiinuliwa kama tuta, huwa kazi mbili kwa moja. Barabara ikipunguzwa upana penye kivuko, dereva hujikuta akienda polepole bila kuambiwa. Kisiwa kidogo katikati humwezesha mtu kuvuka kwa awamu mbili, akitazama upande mmoja tu kila mara. Njia ya waendao kwa miguu, ikitengwa kwa nguzo fupi, huzuia matatu na boda boda zisipande huko.

Lakini si kila kijengwacho hufaa. Barabara Kuu ya Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012, ina madaraja ya kuvukia watu, na bado wapo wanaoruka vizuizi na kukimbia katikati ya magari. Ukiwauliza, watakuambia daraja li mbali, au usiku linatisha. Mjenzi aanze kwa kuuliza watu wanapita wapi.

Majirani zetu wa Dar es Salaam wametuonyesha njia. Huko shirika liitwalo Amend lilichagua shule za msingi ambazo wanafunzi wake walikuwa wakigongwa mara kwa mara. Walizitembea njia za watoto kutoka nyumbani hadi shuleni, kisha wakaweka matuta, vivuko, njia za miguu na nguzo. Hapana ajabu yoyote hapo, wala mamilioni ya kutisha. Majeruhi walipungua kwa takriban robo. Mpango huo ulienezwa katika nchi nyingine za Afrika, na mwaka 2019 ukatunukiwa tuzo ya kimataifa ya miji.

4. Barabara haina mpaka

Mtu atauliza, tuta la hapa kwetu linahusu nini nchi jirani? Simama langoni dakika 10 tu. Trela zipitazo zimetoka bandari ya Mombasa, zinakwenda Malaba na kuingia Uganda. Nyingine zitafika Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na Kongo. Dereva ni mmoja, gari ni moja, barabara ni moja, lakini serikali ni nyingi.

Zingatia mfano huu. Sisi tulifunzwa kuvuka kwa kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, maana Kenya, Uganda na Tanzania magari hupita kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Trela ikivuka mpaka wa Uganda na Rwanda pale Gatuna, dereva hana budi kuhamia upande wa pili. Naye mtoto wa Kigali akiimba wimbo wetu wa kutazama kulia kwanza, anaweza kugongwa. Hivyo alama, mafunzo ya madereva na michoro ya vivuko yafaa kupatanishwa, ili mgeni asipotee.

Uzito pia. Gari lililozidiwa na shehena husimama kwa shida na huharibu lami. Nchi moja ikifumba macho, lori hilo litashukia kwa jirani. Ndiyo sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria mwaka 2013 inayoweka kikomo kimoja: tani 56, gari na mzigo wake pamoja. Kabla ya hapo, mwaka 1985, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zilikuwa zimetia sahihi mkataba wa Ukanda wa Kaskazini, ambao makao yake yako Mombasa. Nao Umoja wa Afrika ulipitisha Mkataba wa Usalama Barabarani Januari 2016.

Tena nchi hujifunza kwa nchi. Kenya iliamuru matatu ziwe na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa mwaka 2004. Rwanda ilipofanya hivyo baadaye, ilichagua 60. Methali husema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Najua kinga hapo ni kijinga cha moto, si ulinzi. Lakini hata ukiisoma kwa maana ya pili, haikosei: kinga ya Kenya na kinga ya jirani zikikutana, ndipo penye usalama.

5. Sisi nasi

Chama chetu kimeandika barua kwa afisi inayohusika na barabara, tukaambatanisha mchoro na vipimo vyetu. Tumeomba mambo matatu: kivuko kilichoinuliwa, stegi isogezwe kutoka kwenye kona, na njia ya miguu hadi sokoni. Jibu halijafika. Hata hivyo, Mwalimu Mkuu amekubali lango dogo la nyuma lifunguliwe asubuhi na jioni, ili wanaotoka upande ule wasivuke kabisa. Mwenzetu amerudi darasani, nalo lango hilo ndilo apitalo na magongo yake.

Mzee wa ndizi tulimsomea barua yetu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi andikeni na jina langu." Tuliliandika.

Maswali ya kujadili darasani

1. Gari lililopita mita 100 kwa sekunde 6 lilikuwa na kasi gani?
2. Eleza maana mbili za "ajali", na jinsi zinavyoathiri mawazo yetu.
3. Chora barabara iliyo karibu na kwenu. Ungeweka tuta na kivuko wapi, na kwa nini?
4. Taja methali inayopinga "ajali haina kinga", kisha uitetee.