Kutoka Ngozi hadi Mti: Mwili na Utambulisho katika Uchongaji wa Kimakonde

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha leo neno nembo hutumika zaidi kwa alama ya chama, ya shirika au ya taifa. Hata hivyo, kamusi kongwe zinatukumbusha maana nyingine: nembo ni alama ya kabila iliyochanjwa mwilini, yaani chale. Wamakonde nao huziita chale zao kwa neno la asili hiyohiyo, dinembo. Si jambo dogo kwamba Nembo ya Taifa la Tanzania, iliyo na mwanamume na mwanamke waliosimama pande mbili za ngao, imepewa jina ambalo hapo zamani lilikuwa la ngozi ya mtu.

Makala haya yanakusudia kuonesha kwamba safari ya neno hilo inafanana na safari ya sanaa. Mwili ulikuwa ndio ubao wa kwanza wa msanii wa Kimakonde. Kisha utambulisho ulihamia kwenye mti. Katika kuhama huko kuna kilichopatikana na kuna kilichopotea. Wanaosomesha sanaa za maonesho nchini, kwa maoni yetu, wamekisema mno kile cha kwanza.

2.0 Mwili uliovaliwa

Masimulizi ya asili ya Wamakonde, ambayo Karl Weule aliyasikia mwaka 1906 aliposafiri kusini-mashariki mwa Tanganyika ya wakati ule wa Wajerumani, yanaanza na uchongaji. Mtu wa kwanza aliishi peke yake. Alichonga umbo la mwanamke, akalisimamisha, nalo likapata uhai na kuwa mkewe. Watoto waliozaliwa mabondeni, karibu na maji, hawakuishi. Aliyezaliwa juu nyandani ndiye aliyeishi. Wasomi wamezoea kuyatumia masimulizi haya kueleza kwa nini Wamakonde walijenga nyandani mbali na mito. Tunadhani yana jambo la ndani zaidi: katika fikra hii mwili wa mama ulikuwa mti kabla ya kuwa nyama, na jamii nzima, ambayo huhesabu ukoo kwa upande wa mama, imetokana na kazi ya mkono wa mchongaji.

Kwa kuzingatia hayo, kinyago cha kiwiliwili hakitushangazi tena. Hiki ni kipande cha mti mwepesi kilichochongwa mbele ya mwili wa mwanamke mjamzito: matiti, tumbo lililojaa na kitovu kilichotokeza. Mchezaji ni mwanamume. Hukifunga kifuani, huvaa na kinyago cha uso, na kucheza katika sherehe za kuwatoa vijana jandoni na unyagoni. Tumboni huwekwa nembo zilezile za wanawake walio hai, aghalabu kwa kubandika nta ya nyuki ili mistari itune kama kovu linavyotuna.

Wapo wanaodai kwamba mwanamume huyu anamdhihaki mwanamke. Dai hilo lina sehemu ya ukweli, kwani kicheko hakikosekani uwanjani. Lakini dhihaka haihitaji nembo zilizochorwa kwa uangalifu namna ile. Anayetaka kuchekesha tu angetosheka na tumbo. Kuwekwa kwa nembo kunaonesha kwamba kinachovaliwa si jinsi ya kike kwa jumla. Ni mama wa Kimakonde, na mchezaji, ambaye jina lake linafichwa, anakubali kwa muda kuwa si mtu bali ni chimbuko la watu. Tusisahau pia mantiki ya kutia chale: ngozi ilichanjwa, ikasuguliwa makaa, na maumivu yenyewe yalikuwa sehemu ya kuhesabiwa mtu. Mti hauumii.

3.0 Mwili uliouzwa

Sehemu hii inafahamika, hivyo tutaipitia kwa haraka. Wamakonde wengi wa Msumbiji walivuka mto Ruvuma kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Huku waliitwa Wamawia, na walitambulika kwa sura tu: nembo iliyomfanya mtu kuwa mwenyeji kwao ilimfanya mgeni huku. Baadhi yao walianza kuchonga mpingo kwa ajili ya soko, na mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam aliwanunulia na kuwahimiza. Katika miaka ya 1950 Samaki Likankoa alianzisha mtindo wa shetani, ambamo kiungo kinaweza kuota popote na uso kuwa na jicho moja.

Roberto Yakobo Sangwani ndiye aliyeleta mtindo ulioitwa dimoongo. Awali umbo hilo lilionesha mshindi wa mieleka akibebwa na wenzake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilijulikana kwa jina la Ujamaa. Hapa msomaji na atulie kidogo. Mshindi mmoja, mwenye mwili na sifa zake, aliyeyuka ndani ya mnara wa miili isiyo na majina. Na wachongaji, ambao wengi walikuwa wageni toka ng'ambo ya Ruvuma, wakawa ndio wanaoipa Tanzania sura yake mbele ya dunia. Shetani na Ujamaa kwa kawaida hufundishwa kama mitindo inayopingana. Sisi tunaiona kuwa majibu mawili ya swali moja: mtu aliyetoka kwao ni nani? Shetani anajibu kwamba mwili wake hauna umbo la kudumu. Ujamaa unajibu kwamba hana mwili wa peke yake.

4.0 Nyuso laini

Wakati huohuo ngozi ilikuwa ikinyamaza. Frelimo ilizipinga chale kwa kuwa ziligawa watu kwa makabila, na vijana wenyewe waliziacha. Waliobaki na nembo usoni ni wazee. Akifa mmoja, inakufa pia tafsiri ya mistari yake, yaani nani aliichanja, wapi, na kwa nini mstari huu ukaenda hivi. Vinyago vya kuvaliwa vilivyomo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya vinahifadhi umbo la mistari bila wasemaji wake.

Tulipokuwa Mbebe, wilayani Ileje, katika mkoa wa Songwe wa leo, tulikikuta kinyago cha Ujamaa juu ya kabati la sebule ya mwenyeji wetu. Ileje ni nchi ya Wandali, Walambya na Wamalila. Newala na Mueda ziko mbali sana nayo. Tulipouliza, mwenyeji alijibu bila kusita: "Hiyo ni nembo ya umoja wetu Watanzania." Alilitumia neno sahihi bila kujua lilikotoka. Tulikishika kinyago na kukigeuza polepole, tukihesabu watu kuanzia chini, wale waliobeba, hadi juu. Walikuwa kumi na wanne. Hapakuwa na uso hata mmoja uliochanjwa.